"Wewe unaweza kubeba mimba": sakata la dolutegravir na swali la nani anaamua kwenye tafiti za afya

Kuanzia mwezi wa 5 mwaka 2018, kwenye nchi kadhaa za Afrika, wanawake wanaoishi na VVU walifika kliniki kuchukua ARV zao kama kawaida wakaambiwa ile dawa mpya iliyokuwa inasubiriwa kwa hamu, dolutegravir, wao hawatapewa, na wengine waliokuwa wameshaianza wakarudishwa kwenye dawa ya zamani. Wanaume wakaendelea nayo. Sababu waliyopewa wanawake ilikuwa moja tu, una umri wa kuzaa. Kama unataka kuzaa au hutaki, kama una kijiti mkononi, kama kizazi kilishafungwa, mara nyingi hata halikuwa swali.

Naleta hii stori kwasababu watu tukisikia "usawa wa kijinsia kwenye tafiti za afya" au "mgonjwa ashirikishwe kwenye maamuzi" tunaona ni maneno ya warsha, ya kwenye mabango ya mradi. Sakata la dolutegravir linaonyesha hivi vitu viwili ni kitu kimoja kabisa, na ukivitenganisha kuna mtu anaumia.

Tuanze na hilo la kuamua pamoja maana linachanganywa sana na ridhaa. Ridhaa ni pale unapewa fomu, unasomewa, unaambiwa faida na madhara, unasaini au unakataa. Kitu chenyewe kimeshachaguliwa na mwingine, kazi yako wewe ni ndiyo au hapana. Kuamua pamoja ni kwamba njia zipo zaidi ya moja, mtaalamu anakuja na anachokijua kuhusu dawa, wewe unakuja na unachokijua kuhusu maisha yako (unakula saa ngapi, nani anaona vidonge vyako nyumbani, unataka mtoto lini, nini unakiogopa zaidi na nini unaweza kuvumilia) halafu kwa pamoja mnachagua. Daktari hajui kama mume wako anapekua mkoba. Wewe hujui dawa inafanyaje kazi kwenye ini. Kila mmoja ana nusu.

Sasa fikiria ile nusu ya daktari haipo. Siyo kwamba daktari mvivu, hapana, haipo duniani, kwasababu dawa haikuwahi kujaribiwa vya kutosha kwa watu kama wewe. Hapo mtaamua nini pamoja? Hapo ndo tatizo linapoanzia, miaka mingi kabla hujakaa kwenye benchi la kliniki.

Dolutegravir iliidhinishwa Marekani mwezi wa 8 mwaka 2013. Tafiti kubwa zilizoifikisha hapo zilikuwa na wanaume wengi kuliko wanawake, mojawapo ya zile kubwa wanawake walikuwa kama asilimia 16 tu, wakati Afrika kusini mwa Sahara wanawake ndo wengi zaidi kati ya wanaoishi na VVU. Na wale wachache walioingia walitakiwa kutumia uzazi wa mpango, akipata mimba anatolewa kwenye utafiti. Kwa hiyo dawa imeingia sokoni na swali la "mimba ikiingia nikiwa nayo inakuwaje" halina jibu. Halina jibu kwa makusudi kabisa, maana kila aliyeweza kulijibu alitolewa mlangoni.

Huu utaratibu una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka 1961 dawa ya thalidomide ilipewa wajawazito Ulaya na kwingineko kwa ajili ya kichefuchefu, maelfu ya watoto wakazaliwa na viungo vilivyopungua. Dunia ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa mwongozo kwamba wanawake wanaoweza kupata mimba wasiingie kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Mwongozo huo uliondolewa 1993 ila tabia ilibaki, ilishaingia kwenye damu ya watafiti na kampuni. Kinachonisikitisha ni kwamba funzo la thalidomide lilisomwa vibaya. Tatizo la thalidomide lilikuwa dawa kugawiwa kwa wajawazito bila kupimwa vizuri. Jibu lake lilitakiwa kuwa kupima vizuri, kwa tahadhari. Badala yake jibu likawa tusiwapime kabisa, halafu dawa zikaendelea kuwafikia hivohivo, kwa kubahatisha, mmoja mmoja, bila mtu kuandika kilichotokea.

Turudi kwenye dolutegravir. Afrika iliisubiri sana. Kenya ilikuwa ya kwanza barani kuanza kutumia ile ya jenerik (dawa ileile ikitengenezwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu) mwaka 2017, na mwezi wa 9 mwaka huohuo yakatangazwa makubaliano ya bei ya kidonge kimoja cha kutwa chenye dawa tatu, tenofovir, lamivudine na dolutegravir (hiki ndo watu wanakiita TLD), kwa kama dola 75 kwa mtu kwa mwaka. Inashusha virusi haraka, usugu dhidi yake (virusi kuizoea dawa) ni mgumu kutokea, na haina zile kero za efavirenz, ile dawa ya zamani, ambazo aliyeitumia anazijua, kizunguzungu, ndoto za kutisha, usiku mzima unapigana na vitu visivyoonekana.

Botswana sasa. Huko kulikuwa na utafiti unaitwa Tsepamo, ulianza 2014, ulikuwa unafuatilia watoto wanaozaliwa kwenye hospitali kubwa za uzazi, kama asilimia 45 ya vizazi vyote nchini. Kwa maoni yangu hii ni moja ya kazi nzuri zaidi zilizowahi kufanyika Afrika, manesi na wakunga wanamwangalia kila mtoto juu mpaka chini na kuandika. Mwezi wa 5 mwaka 2018 watafiti wakaangalia data na kukuta kati ya wanawake 426 waliokuwa tayari kwenye dolutegravir mimba ilipoingia, watoto 4 walikuwa na tatizo la mrija wa neva, yani mambo kama mgongo wazi. Hiyo ni asilimia 0.94. Kwa waliokuwa kwenye ARV nyingine ilikuwa asilimia 0.12.

Walifanya sawa kutangaza, hilo nasema wazi, kunyamaza kungekuwa dhambi. Ila tuzisome hizo namba taratibu. Asilimia 0.94 ni kama watoto 9 katika 1000, wakati kawaida ni kama 1 katika 1000. Ni ongezeko kubwa ukilitazama upande mmoja, upande mwingine ni zaidi ya watoto 990 katika 1000 ambao hawakuwa na tatizo hilo. Halafu 426 ni kundi dogo, kesi moja ikiongezeka au ikipungua asilimia inaruka. Na ule mrija wa neva unajifunga ndani ya siku kama 28 za mwanzo wa mimba, wengi hata hawajajua kama wana mimba, kwa hiyo mama mwenye mimba ya miezi minne kwake lile dirisha limeshafungwa kitambo. Na aliyefunga kizazi hana dirisha lolote.

Unaona kuna mazungumzo mengi sana ya kufanya hapo? Dada wa miaka 22 anayetaka mtoto mwakani, mama wa watoto wanne aliyemaliza kuzaa, binti ambaye efavirenz imemharibia usingizi mpaka anaruka dozi, hawa hawana jibu moja. Kila mmoja angekaa na mtoa huduma wangefika sehemu tofauti. Ila sera nyingi zilivyotoka zikawaweka wote kapu moja linaitwa "wanawake wenye uwezo wa kuzaa", kuanzia miaka 15 mpaka 49, likafungwa. Hata ule mwongozo wa WHO wa mwezi wa 7 mwaka 2018 uliosema mwanamke anaweza kuipata akiwa na uzazi wa mpango wa uhakika, sehemu nyingine ukageuka sharti, weka kijiti kwanza ndo tuongee habari za dawa. Hapo siyo kuamua pamoja, hapo mtu anauziwa dawa yake mwenyewe kwa bei ya kizazi chake.

Na kuna kitu kingine ambacho hakikuzungumzwa sana nje. Wanawake ndo walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuhitaji dawa mpya. Ripoti ya WHO ya 2019 kuhusu usugu ilionyesha nchi 12 ambazo zaidi ya asilimia 10 ya watu wanaoanza dawa walishakuwa na virusi sugu kwa kundi la efavirenz na nevirapine, na kwa wanawake ilikuwa kama asilimia 12 wakati wanaume kama 8. Moja ya sababu ni kwamba miaka ya nyuma wajawazito wengi walipewa nevirapine wakati wa kujifungua ili mtoto asiambukizwe. Walimeza kwa ajili ya mtoto, mtoto akapona, mwilini mwao usugu ukabaki. Halafu ikaja dawa ambayo usugu huo hauigusi, wakaambiwa subirini kwanza, kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajatungwa.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Hiyohiyo efavirenz waliyorudishiwa kama dawa salama iliwahi kukatazwa kwa wajawazito, kisa majaribio ya nyani ambapo vitoto 3 kati ya 20 vilikuwa na kasoro. Miaka ikapita, data za binadamu zikakusanywa, hofu ikaonekana haina msingi, na kuanzia 2012 WHO ikaanza kuiruhusu. Yani filamu ileile imepigwa mara mbili na waliokaa kiti cha mbele ni walewale.

Safari hii ila wanawake hawakukaa kimya. Tarehe 13 na 14 mwezi wa 7 mwaka 2018 wanawake 39 wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali, mkutano ulioitishwa na AfroCAB, mtandao wa wanajamii wa Afrika wanaofuatilia masuala ya matibabu ya VVU. Walikaa siku mbili na zile namba za Botswana, wakazichambua na wanasayansi, wakauliza maswali. Halafu wakatoa msimamo, na msimamo wao haukuwa "hatari haipo". Walisema tumeielewa hatari, tunajua ni ya nini na ya lini, na tukipima na faida za dawa hii kwa maisha yetu, kutufungia wote mlango siyo haki, uamuzi uwe wa mwanamke mwenyewe akiwa na taarifa kamili, na uzazi wa mpango tupewe kama huduma, usiwe kamba ya kutufungia. Wakaupeleka mpaka kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI Amsterdam mwezi huohuo.

Huo mkutano wa Kigali kwangu ndo mfano bora wa kuamua pamoja kuliko kitabu chochote. Watu hawakuomba kuonewa huruma, waliomba data, wakapewa, wakaisoma, wakaamua. Ule wasiwasi kwamba mwanamke wa kawaida hataelewa asilimia, kwamba akisikia "mgongo wazi" ataogopa na kuacha dawa zote, ulijibiwa pale.

Kilichofuata kwenye takwimu ni hiki. Mwaka 2019 Tsepamo walishafika wanawake 1683 na kiwango kikashuka mpaka asilimia 0.30. Mwaka 2020 kikawa 0.19. Mwaka 2022, wanawake zaidi ya 9000, ikawa 0.11, sawasawa na wengine. Ile ishara ya mwanzo iliyeyuka. WHO ilishabadilisha mwongozo mwezi wa 7 mwaka 2019, dolutegravir ikawa dawa ya kwanza kwa wote, wajawazito wamo, wanaotaka kupata mimba wamo. Na wakati huo tafiti za wajawazito zilikuwa zimeshaanza kujibu maswali yaliyotakiwa kujibiwa 2013. DolPHIN-2 ya Uganda na Afrika Kusini iliangalia kina mama wanaoanza dawa wakiwa wamechelewa, mimba ya miezi saba na kuendelea, ambao huku kwetu ni wengi. Baada ya kujifungua asilimia 74 ya waliopewa dolutegravir walikuwa wameshusha virusi chini ya 50 kwenye mililita moja ya damu, wa efavirenz asilimia 43. Virusi vya mama vikishuka, hatari ya mtoto kuambukizwa inapungua. Utafiti mwingine wa wajawazito 643 kwenye nchi tisa, Tanzania ikiwemo, nao ukaonyesha hivohivo, dolutegravir mbele.

Sasa kuna watu watasema, sawa, kumbe ilikuwa salama, lakini je ingekuwa siyo? Swali zuri na jibu langu halibadiliki. Hata ingebaki 9 katika 1000 mpaka leo, bado yule mama aliyefunga kizazi alitakiwa kupata dawa, na bado yule anayetaka mtoto alitakiwa kuambiwa namba na kuchagua. Haki ya kuamua haitegemei matokeo yatakuwa mazuri.

Upande mwingine wa hii ishu ni pale wanawake wanapoingizwa kwenye utafiti lakini wanahesabiwa kama miili tu. Utafiti wa FEM-PrEP ulifanyika Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, ukasimamishwa mwezi wa 4 mwaka 2011 kwasababu kidonge cha kujikinga na VVU hakikuonekana kusaidia. VOICE ulikuwa na wanawake zaidi ya 5000 Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, nao hivohivo. Wakati Partners PrEP, wa wapenzi na wanandoa ambao mmoja ana VVU, Kenya na Uganda, kidonge kilizuia maambukizi kwa asilimia 75. Kidonge kilekile! Damu zilipopimwa ikajulikana, kwenye VOICE wanawake walisema wanameza karibu asilimia 90 ya dozi, lakini dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi moja ya sampuli.

Mwanzoni lawama ikaenda kwa wanawake, wamedanganya, wanafuata nauli na vipimo vya bure. Watafiti waliorudi kuwauliza kwa upole wakaambiwa mengine. Kopo la dawa linafanana na la ARV, mpenzi akiliona anajua umeathirika. Mama mkwe anauliza. Mtaani wanasema hizo ndo dawa zenyewe zinazoleta ugonjwa. Kila mwezi unaulizwa umemeza? na ukisema hapana unahisi umemkosea dada wa kliniki aliyekupokea vizuri. Kwenye Partners PrEP mwenza alikuwa anajua, wameingia pamoja, kidonge ni cha wote wawili nyumbani. Yani siri ilikuwa kwenye mazingira ya maisha, na mazingira hayo wanawake walikuwa wanayajua toka siku ya kwanza. Wangekaa mezani wakati utafiti unapangwa wangesema, jamani hili kopo tu litatuua.

Hapohapo kuna la mume. Wanawake wengi huku wakiombwa kuingia utafiti wanasema nikamuulize baba watoto, na watafiti wengine wakawa wanadai kabisa saini ya mume. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti ya CIOMS (baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba) ya 2016 imeweka wazi, inayohitajika ni ridhaa ya mwanamke mwenyewe, na ruhusa ya mtu mwingine haiwezi kuchukua nafasi yake. Anaweza kushauriana na mume, na mama yake, na mchungaji au shehe, hiyo ni juu yake na kwa wengi ndo namna ya kuamua yenye amani. Tofauti ni nani ana neno la mwisho.

Mashariki mwa Congo nako lilitokea. Ebola ya Kivu Kaskazini (Beni, Butembo) na Ituri, ilitangazwa mwezi wa 8 mwaka 2018 na kuisha mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 2287 walikufa, na zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake na wasichana, wao ndo wanaouguza. Chanjo ilikuwepo na ilikuwa inatolewa chini ya utaratibu wa utafiti. Wajawazito na wanaonyonyesha wakatengwa, wakati Ebola kwa mjamzito inaua na mtoto karibu hakuna anayepona. Mwanamke anashuhudia ndugu zake wote waliomgusa mgonjwa wanachomwa chanjo, yeye na tumbo lake anaambiwa hapana. Mwezi wa 2 mwaka 2019 jopo la WHO likapendekeza wapewe, na katikati ya mwaka huo wakaanza kuchanjwa. Kwenye mlipuko wa namna ile, miezi hiyo yote ni mingi.

Namalizia na lenacapavir, sindano ya kujikinga na VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Utafiti wake wa PURPOSE 1 ulikuwa wa wanawake na mabinti 5338 wa miaka 16 mpaka 25, Afrika Kusini na Uganda. Wanaharakati na wanajamii walishirikishwa toka kwenye kuupanga. Mabinti wa miaka 16 na 17 waliingizwa toka mwanzo. Na aliyepata mimba hakutolewa, alielezwa, akasaini upya kama anataka, akachagua kubaki na sindano au la. Zilipatikana mimba zaidi ya 500. Matokeo yalipotoka 2024, kati ya 2134 waliokuwa kwenye lenacapavir hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Mwezi wa 7 mwaka 2025 WHO ikaipendekeza. Binti mwenye mimba ya miezi mitatu akiuliza leo kama na yeye anaweza kuchoma, nesi ana kitu cha kumwambia, kilichotokana na mimba za mabinti wenzake wa Uganda na Afrika Kusini, na mazungumzo yanaweza kuanzia hapo.